Kumbukumbu zisigeuke albamu

SWALI: Nafundisha kikundi cha uandishi hapa Lindi mjini, kila Jumamosi. Tuko kumi na wanne: wastaafu, akina mama wa biashara, na vijana watatu waliomaliza kidato cha nne. Wanaandika kumbukumbu za maisha yao. Mwaka huu niliwaruhusu waweke picha na sauti walizorekodi kwa simu, na tangu hapo maandishi yamenyauka. Mtu aliyekuwa akiandika kurasa sita sasa ananiletea picha kumi na mbili na sentensi moja chini ya kila picha. Na yupo mzee wetu aliyekulia kando ya reli ya Nachingwea. Hana hata picha moja ya utotoni, na ameanza kujiona mnyonge mbele ya wenzake. Tuna kompyuta mpakato moja, simu za kawaida, na bando la kuungaunga. Nifanyeje? (Mwalimu, Lindi)

JIBU: Mwalimu, pole na kazi, na wafikishie shikamoo yangu wazee wa kikundi.

Wanafunzi wako si wavivu. Mwenye picha akiitazama anaona kila kitu: harufu ya ile nyumba, ugomvi wa asubuhi ile, nani alishika kamera, nani alikataa kupigwa. Msomaji anaona watu wanne wamesimama mbele ya ukuta. Mwandishi hashtuki kwamba msomaji ameachwa nje, maana kwake yeye picha imejaa pomoni. Ndiyo maana sentensi moja inamtosha. Anadhani amesema.

Mimi niliingia shimo hilohilo. Kikundi changu cha kwanza, Mikindani, nilikiambia kila mtu aje na picha tano. Walikuja nazo. Tulikaa saa tatu tukipitishiana picha, tukacheka, mama mmoja akalia mpaka tukamletea maji, na jioni hakukuwa na mtu aliyeandika hata mstari. Kila mmoja aliondoka na furaha yake, na mimi nikabaki na madaftari meupe.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja. Picha inaletwa, lakini inalazwa mezani kifudifudi. Mwandishi anaandika kuhusu siku ile, au kuhusu mtu yule, dakika ishirini bila kuigeuza. Akimaliza ndipo anaigeuza, na hapo sitaki aniambie picha inaonyesha nini. Namwuliza: humu ndani kuna nini ambacho hukukiandika?

Nikupe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Kijana fundi pikipiki alikuwa na picha ya studio. Yeye ana miaka kama sita, amesimama. Mama yake amekaa kwenye kiti. Nyuma yao pazia lililochorwa minazi na ndege inayopaa. Picha ikiwa bado imefunikwa, aliandika ukurasa mzuri kuhusu mama aliyeuza mihogo ya kukaanga stendi, akidunduliza hela ili wapige picha ya kumpelekea baba aliyekuwa Dar es Salaam. Alipoigeuza nikamwuliza swali langu. Akaitazama sana. Kisha akasema, "Hivi viatu si vyangu."

Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vikubwa, kamba zimezungushwa kifundoni mara mbili ili visivuke. Vilikuwa vya studio. Kila mtoto aliyepigwa picha pale alivivalishwa hivyohivyo. Yeye aliingia pekupeku, akatoka pekupeku.

Chini ya picha alikuwa ameandika: "Mimi na mama yangu mpendwa tukiwa studio." Tukafuta. Akaandika: "Viatu ni vya studio." Basi. Na ndani ya maandishi akaongeza aya moja kuhusu bahasha ilipofika Dar es Salaam, baba akaifungua chumbani kwake, akamwona mwanawe mwenye viatu.

Ile picha bila ile aya ni picha ya studio kama nyingine elfu. Ile aya bila picha bado ingesimama, lakini msomaji asingeziona zile kamba. Hapo ndipo picha inapostahili nafasi yake kwenye ukurasa. Ukitaka kipimo cha haraka darasani, ziba picha kwa kiganja, soma ukurasa. Kama hakuna kilichopungua, picha itoke, hata kama ni nzuri. Kisha ziba maandishi, tazama picha. Kama picha peke yake inasema yote, basi mwandishi bado hajafanya kazi yake. Mimi nawapa pia kikomo: kitu kimoja kwa kila kurasa tatu, iwe picha, sauti au mchoro. Wananung'unika, kisha wanaanza kuchagua, na kule kuchagua kunawafundisha uandishi kuliko maneno yangu.

Kuhusu maneno ya chini ya picha, wazoeshe kutorudia kinachoonekana. Msomaji ana macho. Mpe asichoweza kukiona: nani hayumo, nani alipiga, kitu gani cha kuazima, nini kilitokea dakika tano baadaye. Na utakutana na hili: picha inakataa kumbukumbu. Mtu ameandika kwamba siku ya harusi ya dada yake baba alivaa kanzu nyeupe, picha inamwonyesha baba na shati la mikono mifupi. Wengi wanakimbilia kusahihisha maandishi kimyakimya. Wazuie. Mwache aandike: nilimkumbuka na kanzu miaka thelathini, picha inasema shati; kwa nini nilimvika kanzu? Nimeona kurasa nzuri kabisa zikizaliwa hapo.

Hapa kuna jambo nitalisema kwa ukali kidogo. Siku hizi simu zina programu za kusafisha picha za zamani. Binti mmoja wa Newala aliniletea picha ya bibi yake mzaa mama. Imefifia, ina mkunjo katikati. Alikuwa ameipitisha kwenye programu hiyo, ikarudi inang'aa, bibi ana ngozi laini kama ya tangazo la sabuni. Nikamwuliza, bibi alikuwa na chale? Alikuwa nazo, mashavuni na kwenye paji la uso, kama wanawake wengi wa Kimakonde wa rika lake, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, lile pambo la kuchomekwa mdomoni, aliyoacha kuivaa. Programu haikujua chale ni kitu gani. Iliziona ni uchafu wa picha, ikazifuta. Tundu la ndonya ikalishona. Macho ikayachora upya. Ilichomrudishia yule binti ni mwanamke mwingine aliyevaa nguo za bibi yake, na yeye mwenyewe hakugundua mpaka tulipoweka picha mbili sambamba. Alinyamaza kwa muda, kisha akaifuta ile inayong'aa.

Kwa hiyo mkunjo ubaki. Kuongeza mwanga ni sawa, kunyoosha picha iliyopinda ni sawa, kukata pembe zisizo na kitu ni sawa. Kubuni uso si sawa. Na picha zinazotengenezwa na akili mnemba, mtu anaandika "bibi wa Kimwera anatwanga mtama" na simu inamtolea bibi, hizo kwenye kumbukumbu za maisha mimi sizipokei kabisa. Kwenye hadithi za kubuni tunaweza kuzungumza. Kwenye kumbukumbu msomaji amekuamini kwamba aliye kwenye picha alikuwepo.

Kuipiga picha ya zamani kwa simu si kazi ngumu, ila watu huifanya vibaya kwa haraka. Toka nje, kaa barazani kwenye kivuli, asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Laza picha kwenye kitambaa cha rangi moja, simama juu yake, simu iwe sambamba na picha, usiwashe flashi. Kama ipo kwenye albamu za plastiki inayonata na haitoki yenyewe, usiivute. Ipige juu ya plastiki huku ukisogea mpaka mng'ao uhame. Iliyogandana na kioo cha fremu, na kwa unyevu wa pwani hii ziko nyingi, nayo iache humohumo. Kisha geuza, piga na mgongo wake. Muhuri wa studio, tarehe, salamu zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, jina lililokatwa na kuandikwa jingine: mara nyingi mgongo una habari kuliko uso. Na msiandike mapya kwa kalamu ya wino nyuma ya picha. Penseli laini inatosha.

Wakikutumia picha kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kupoteza sehemu ya ubora wake. Waambie waitume kama dokumenti, ije ilivyo. Kwa kuchapa kwenye karatasi, picha yenye upana wa sentimita 10 inahitaji nukta (pikseli) kama 1,200 kwa upana ili isionekane ya ukungu. Kwa kusomwa kwenye simu, ukubwa huohuo unatosha na faili halitakuwa zito. Kinachoua kompyuta yako ni picha kubwa za kamera kumwagwa kwenye Word zikiwa nzimanzima. Zipunguzwe kwanza, ndipo ziingizwe.

Sasa mzee wako wa reli. Mwalimu, nikiwa mkweli, huyu ndiye aliyenifanya nikujibu kwa kirefu.

Ile reli ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Karanga ziliwashinda, ila reli na bandari ya Mtwara vilijengwa. Treni ikaendelea kutembea miaka michache, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Mtoto aliyeiona treni ile akiwa na miaka saba au minane sasa ni mtu wa miaka sabini na kitu. Wamebaki wangapi? Unaye mmoja kila Jumamosi, anakaa pembeni akiona aibu kwa sababu hana picha.

Mpe karatasi kubwa na penseli. Mchoro wa mkono ndiyo njia rahisi kuliko zote, haihitaji bando wala chaji, na kwa maoni yangu inazaa maandishi kuliko picha. Mwambie achore alipokulia kama mtoto alivyopaona, si kama ramani ya shuleni. Nyumba yao. Njia ya maji. Mwembe au mkorosho waliokuwa wakiuparamia. Reli inapita wapi. Treni ilipokuwa ikija ilitokea upande gani, na wao walikuwa wamesimama wapi. Vipimo visimsumbue; kama mwembe kwake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba, auchore hivyo. Akimaliza, mwulize swali hili moja: mlikatazwa kufika wapi? Atie alama ya msalaba. Sijawahi kuona mtu anatia alama ile akakosa kisa. Yule aliyekatazwa huwa amekwenda.

Ule mchoro upige picha kama ulivyo, na ufutio wake na alama za vidole, uingie kwenye kitabu. Asije kijana mwenye huruma akaurudia kwa kompyuta na rula.

Kama mzee ana nguvu na kuna mtu wa kumsindikiza, aende mpaka pale reli ilipopita, apigwe picha akiwa amesimama hapo leo. Huenda limebaki tuta, huenda kuna shamba la mikorosho na mbuzi wawili. Hiyo ni picha ya kweli: hapa palikuwa na reli, na hivi ndivyo palivyo. Ninachokuomba ni kwamba wale vijana watatu wasimtafutie treni kwenye mtandao. Watapata treni nzuri sana, ya Kenya au ya Afrika Kusini, wataiweka, na msomaji atajua ndiyo treni ya mzee. Wajukuu zake watakuja kuapa nayo. Nitamrudia mzee mwishoni.

Kwa upande wa sauti, nimekuwa nikirekodi watu kwa miaka mingi na bado naharibu. Niliwahi kurekodi mazungumzo ya saa nzima chini ya bati, mvua ikaanza dakika ya kumi, nikajifariji kwamba itasikika kwa mbali. Ilisikika kama karanga zinakaangwa juu ya kichwa cha mzee wa watu. Hakuna neno lililopona. Mwaka uliofuata nilirudi kwake, lakini kile kisa alikisimulia kwa haraka, kama mtu anayelipa deni.

Kwa hiyo chumba kwanza. Sebule ya sementi isiyo na kitu inarudisha mwangwi. Chumba cha kulala chenye godoro, chandarua na nguo zilizotundikwa kinameza mwangwi, na ni bure. Ufukweni hapana, hata siku unayodhani imetulia, maana upepo wa kusi ukigusa simu unatoa ngurumo. Weka simu kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati. Ilaze juu ya khanga iliyokunjwa, shubiri moja kutoka mdomoni, si mkononi, kwa sababu vidole vinakwaruza. Kabla ya kuanza acha nusu dakika ya kimya. Itakusaidia kusikia kama kuna friji inanguruma au redio ya jirani.

Halafu kata. Saa nzima ya maongezi ni ya kuhifadhi nyumbani. Kinachoingia kwenye kumbukumbu ni sekunde arobaini, dakika moja ikizidi sana. Sauti ya kawaida ya MP3 inakula kama nusu megabaiti hadi megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo hata bando lenu la kuungaunga linamudu. Lakini si kwa ajili ya bando tu. Msomaji akibonyeza sauti ameacha kusoma, na ukimshika muda mrefu hatarudi kwenye ukurasa.

Ukate nini? Kile ambacho herufi hazikiwezi. Habari zote ziandikwe: mwaka, jina la kijiji, nani alimwoa nani. Sauti ibebe jinsi. Mama mmoja alikuwa na rekodi ndefu ya bibi yake akieleza walivyohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, na alitaka kuiweka yote. Tuliisikiliza pamoja. Habari zenyewe zilikuwa tayari kwenye kurasa zake, tena kwa mpangilio mzuri zaidi. Lakini dakika ya ishirini na kitu bibi anakatiza maelezo na kumwita mjukuu wake, yule mama, kwa jina la utotoni, akilivuta silabi ya mwisho na kulishusha, kama mtu anayemwita mtoto aliye upande wa pili wa bonde. Sekunde kumi na moja. Tuliweka hizo. Kwenye maandishi mama alikuwa amelitaja lile jina mara nyingi. Baada ya kusikia, kila ukilisoma unalisikia kwa sauti ya bibi.

Bibi huenda akasema Kimwera, Kimakonde, Kiyao. Vizuri. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, chini yake Kiswahili. Kila sauti iwe na maandishi yake kando, hata kama ni ya Kiswahili: kuna msomaji asiyesikia, kuna aliye kwenye daladala, na kuna kiungo cha mtandao kitakachokufa miaka mitano ijayo huku karatasi ikiwa bado ipo kabatini.

Kuna sauti za watu na kuna sauti za mahali, nazo hazitumiki kwa namna moja. Mwanafunzi wangu wa Tandahimba alirekodi mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, alfajiri, wakati umande bado upo na upepo umelala, kwa sababu ndipo poda inaposhika majani. Kwake ule mlio ni utoto mzima: Juni na Julai unaamshwa na mashine za majirani, moja inaanza, nyingine inajibu, unatoka nje harufu ya kiberiti imetanda. Nilipomsikilizisha rafiki yangu wa Mwanza, akasema, "Hii pikipiki ina shida ya kabureta." Sauti ya mahali haijitambulishi. Ni lazima aya itangulie, imuandae msomaji, ndipo abonyeze. Sauti ya bibi anayeita jina inaweza kutangulia bila maelezo.

Wasitie muziki chini ya sauti. Watataka, hasa vijana. Nyimbo zina wenyewe na ipo Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na zaidi ya sheria, wimbo unamfunika bibi. Kama wimbo fulani ulikuwa ukipigwa siku ile, aandike ni upi na ulikuwa ukitoka redio ya nani.

Video nitaipita haraka: muhula huu achaneni nayo. Ni nzito, inakula muda wa kuhariri, na mara tisa kati ya kumi inaonyesha mtu amekaa kwenye kiti anaongea, jambo ambalo sauti imelifanya. Naachia mlango mmoja tu, mikono inayofanya kazi. Kubangua korosho, kusuka ukili, kuchonga mpingo. Sekunde ishirini, simu imelala kwa upana, imeegemezwa kwenye kitu, na inaonyesha mikono bila uso.

Akina mama wa biashara ambao hawana picha za zamani, waulize kuhusu khanga. Khanga ina jina lake limeandikwa, ina mwaka wake, ina aliyeitoa na sababu ya kuitoa. Itandazwe, ipigwe picha jina lisomeke, kisha mtu aandike nani alimlenga nani. Nimepata humo visa vya mawifi ambavyo nisingevipata kwa mahojiano. Vivyo hivyo stakabadhi ya chama cha msingi ya msimu mmoja wa korosho, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto, tiketi ya basi la enzi za kuvuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Karatasi hizi ni picha pia. Ila zitazameni vizuri kabla ya kuziweka: namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, habari za ugonjwa wa mtu, vyote vifunikwe kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, kadi ya kliniki ya ndugu yako si yako kuianika.

Hili la ruhusa linanipeleka kwenye jambo ambalo lazima litakufika kama halijakufika, nalo ni unyago. Atatokea mwanafunzi mwenye rekodi ya nyimbo za ndani. Mimi ni mwanamke wa huku, nimechezwa, na nyimbo zile nazijua. Si zangu peke yangu kuzitoa. Kisa cha mwandishi ni chake, lakini nyimbo ni za somo wake, yaani kungwi aliyemfunda, za wenzake aliokaa nao, na za wasichana ambao bado hawajaingia. Huwa nawaambia waandike kuanzia mlangoni kuja nje: walivyokuwa wakiitwa, chakula walicholetewa, uoga, na siku ya kutolewa, mafuta na khanga mpya, mama anavyorusha vigelegele. Siku ya kutolewa watu wote walikuwepo, picha yake inaweza kuwekwa. Vya ndani vibaki ndani, na mwandishi anaweza kuandika wazi kwamba hapa nanyamaza. Msomaji wa Kusini ataelewa, na wa mbali atajua pana mlango. Kwa wavulana na jando ni vilevile.

Kwa mengine, ruhusa ichukuliwe ndani ya rekodi yenyewe. "Bibi, sauti hii nikiiweka kwenye kitabu changu, utaridhia?" Jibu lake linarekodiwa. Kisha asikilizishwe kipande kilichokatwa, si kuambiwa tu. Bibi mmoja wa Mingoyo alisikiliza, akasema, "Rudia, hapo nimesema kama nimemchukia marehemu, na sikumchukia." Alirudia. Kipande cha pili kilikuwa kizuri zaidi, na kilikuwa cha haki. Kwa walio kwenye picha na wamekufa, ulizeni mkubwa wa familia. Watoto wadogo, mimi huwaacha kabisa.

Kuhusu kuvikusanya: andikeni kwenye Word, chapeni steshenari kijitabu cha karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, na hakikisheni idadi ya kurasa inagawanyika kwa nne msije mkabaki na kurasa tupu mwishoni. Kama mtatoa kopi nyeusi na nyeupe, ongezeni mwanga wa picha kwanza, la sivyo nyuso zetu zinatoka kama madoa ya wino. Chapeni ukurasa mmoja wa majaribio na mwuangalie nje, juani. Sauti ziwekwe kwenye memori kadi moja ya kikundi na kwenye kundi la WhatsApp, zikiwa na majina yanayoeleweka, mwaka, mahali, nani. "AUD-0047" haitamsaidia mtu. Nakala nyingine ikae kwa mtu wa nyumba nyingine. Msimbo wa QR, ile alama ambayo simu ikiisoma inafungua sauti, mnaweza kuweka kama kuna kijana anayeujua, si lazima.

Jumamosi ijayo, basi, picha zote kifudifudi. Mzee wa reli mwanzishe na karatasi na penseli, na mkalishe katikati, si pembeni. Akishatia ile alama ya msalaba na kumaliza kisa chake, waambie wote wanyamaze, kisha mwombe aigize treni kwa mdomo. Asiieleze, aitoe, tangu inaposikika mbali mpaka inapita mbele ya nyumba yao. Kisha mwulize watoto wa kijijini kwao walikuwa wakisema treni inasema nini, kwa sababu watoto huipa treni maneno. Kabla hajafungua mdomo, hakikisha simu imewashwa na ipo juu ya khanga.